SOMO LA WIKI: Gari la spoti na majira ya baridi, liendeshwe au lifungiwe?

KILA ifikapo mwishoni mwa Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma nchini Uingereza na giza kuanza kuingia mapema, wamiliki wa magari ya spoti nchini humo hukabiliwa na swali lile lile: gari liendelee kutembea hadi Machi, au lifungiwe bandani lisubiri jua?

Wengi hujibu kwa moyo. Anayelipenda gari lake hulifunika turubai, na anayependa kuliendesha hulitoa hata penye theluji. Hata hivyo, swali hili ni la hesabu kabla halijawa la mapenzi, na ndani yake mna somo ambalo mfanyabiashara yeyote, awe Kariakoo au Leeds, anaweza kulitumia. Wahenga walikwishasema kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Adui ni chumvi

Baridi peke yake haili chuma. Kinachokula chuma ni chumvi. Halmashauri za Uingereza humwaga chumvi ya mawe barabarani ili kuzuia barafu, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo huchimbwa Winsford, katika jimbo la Cheshire. Chumvi hufanya maji yasigande upesi. Maji hayo ya chumvi hurushwa na matairi hadi chini ya gari, yakaingia kwenye mikunjo ya bati, mabomba ya breki na mashina ya springi. Kwa kuwa yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, huharakisha kutu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kutu hupenda joto. Gari lililolowa chumvi likiingizwa katika banda lenye joto bila kuoshwa, huoza haraka kuliko likiachwa nje kwenye baridi kali. Banda zuri ni lile kavu lenye hewa inayopita, si lazima liwe na joto.

Adui wa pili ni tairi. Mpira wa matairi ya kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na gari huchelewa kusimama hata kama barabara ni kavu. Magari mengi ya spoti husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye utelezi, mkia wa gari huweza kumtangulia. Sheria ya Uingereza hailazimishi matairi ya baridi, lakini mti ulio kando ya barabara hausomi sheria.

Kufungia nako kuna gharama

Wapo wanaodhani kwamba gari lililofungiwa halili kitu. Si kweli. Betri hupungua nguvu yenyewe, na ikiachwa tupu kwa muda mrefu huharibika ndani. Baridi ikizidi, betri tupu inaweza hata kuganda na kupasuka, wakati iliyojaa haigandi. Petroli huzeeka. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini Uingereza huwa na ethano hadi asilimia 10, na ethano huvuta unyevu. Matairi yanayobeba uzito mahali pamoja kwa miezi huweza kupata bapa. Diski za breki hushika kutu, na panya hupenda nyaya.

Kwa sababu hiyo, anayefungia gari hutakiwa kulitayarisha: kuliosha hadi chini na kulikausha, kubadilisha oili, kwa kuwa oili chafu ina asidi na unyevu, kupima dawa ya rejeta inayozuia maji yasigande, kujaza tangi na kuongeza dawa ya kuhifadhi petroli, kuongeza upepo kidogo kwenye matairi, na kuunganisha betri kwenye chaja ndogo inayojizuia yenyewe. Breki ya mkono huachwa bila kuvutwa, pedi zisigande kwenye diski, na magurudumu huwekewa vigingi.

Desturi ya kuwasha injini dakika kumi kila Jumapili haifai. Muda huo hautoshi kuipasha oili joto wala kukausha ekzosi, na kinachobaki ni maji ndani ya injini na betri iliyopungua. Kama haliwezi kutoka likatembea hadi lipate moto kamili, ni heri liachwe lilale.

Sheria na kodi

Serikali ya Uingereza huruhusu mmiliki kutangaza kwamba gari lake halitakuwa barabarani. Utaratibu huo ulianza mwaka 1998. Akishatangaza, hurudishiwa kodi ya barabara ya miezi kamili iliyobaki, na hawajibiki kuwa na bima. Sharti ni kwamba gari likae mahali pa binafsi, uani au bandani. Kuliegesha mtaani, hata kwa usiku mmoja, ni kosa. Safari inayoruhusiwa ni ile tu ya kulipeleka kwenye ukaguzi uliokwishapangiwa siku.

Kwa magari mengi yaliyosajiliwa tangu Aprili 2017, kodi hiyo ilipandishwa Aprili 2025 kutoka pauni 190 hadi 195 kwa mwaka. Ukigawa pauni 195 kwa miezi 12 unapata pauni 16.25. Kwa hiyo atakayefungia miezi mitano huokoa takriban pauni 81. Ni fedha, lakini si fedha ya kumfanya mtu afungie gari.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Tangu 1997 mmiliki huweza kuchukua namba za msimu, zilizoandikwa mwezi wa kuanza na wa kumaliza, kwa muda usiopungua miezi miwili na usiozidi 11. Kodi na bima huhesabiwa kwa miezi hiyo tu, bila kwenda ofisini kila mwaka. Lakini huko anayeendesha penye theluji au barafu ni lazima awe na matairi yanayofaa, na tangu Oktoba 2024 yanayokubalika ni yale yenye alama ya mlima na chembe ya theluji.

Mfano wa mwuguzi wa Leeds

Chukua mfano wa kufikirika. Mwuguzi mzaliwa wa Tanga anafanya kazi Leeds. Ana gari dogo la viti viwili, Mazda MX-5, alilolinunua kwa pauni 12,000. Hana gari jingine. Bei zinazofuata ni za mfano tu, kwa miezi mitano ya Novemba hadi Machi.

Njia ya kwanza, kuendesha:
Kodi ya barabara: pauni 81
Bima: 150
Petroli: 350
Matairi ya baridi, pauni 480 kwa misimu minne: 120
Kubadilisha na kuhifadhi matairi: 60
Kuosha chini kila wiki, wiki 20: 200
Dawa ya kuzuia kutu: 150
Kushuka kwa bei kwa sababu ya maili 3,000, senti 10 kwa maili: 300
Jumla: pauni 1,411

Njia ya pili, kufungia na kupanda basi:
Kodi ya banda, pauni 70 kwa mwezi: 350
Chaja, dawa ya petroli na turubai: 100
Bima ya moto na wizi: 60
Nauli ya basi, pauni 60 kwa mwezi: 300
Jumla: pauni 810

Kufungia kunaokoa pauni 601. Hapo mtu wa haraka angefunga daftari.

Lakini mwuguzi huyu ana zamu za usiku 10 kwa mwezi, na tuseme mtaani kwake hakuna basi saa hizo. Teksi ni pauni 15 kwenda na 15 kurudi, yaani pauni 300 kwa mwezi, au 1,500 kwa miezi mitano. Hata akiacha kuhesabu nauli za mchana, njia ya pili sasa ni 350 na 100 na 60 na 1,500, jumla pauni 2,010. Aliyekuwa akiokoa 601 sasa anapoteza 599. Gari ni lile lile, baridi ni ile ile; kilichogeuza hesabu ni mstari mmoja tu, usafiri wa kwenda kazini.

Njia ya tatu hutumiwa na wengi huko: kununua gari kuukuu la kupambana na chumvi. Akilinunua kwa pauni 1,500 na kuliuza 1,100 majira ya kuchipua, amepoteza 400. Bima 250, kodi 81, petroli 300, matengenezo 150. Jumla ndogo ni 1,181. Ongeza pauni 510 za kulitunza gari la spoti bandani, inakuwa 1,691.

Kipi kihesabiwe, kipi kiachwe

Somo la kwanza ni kwamba pauni 12,000 alizonunulia gari hazimo katika hesabu yoyote. Fedha hizo zimekwishazama. Ziwe zilitumika vizuri au vibaya, hazibadiliki kwa uamuzi wa Novemba. Mtu asemaye "siwezi kulifungia gari nililolinunua kwa bei hii" anachanganya majuto na mahesabu.

La pili, uchakavu wa umri nao huachwa. Gari litakuwa limezeeka miezi mitano likiwa bandani au barabarani. Kinachohesabiwa ni ile sehemu ya kushuka bei inayoletwa na maili na chumvi.

La tatu, mwenye banda lake asiandike sifuri. Kama banda hilo lingeweza kupangishwa kwa pauni 70, basi kulilaza gari humo kunamgharimu pauni 70 kwa mwezi, hata kama hakuna risiti. Wahasibu huiita gharama ya fursa iliyoachwa, na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

La nne, matairi ya baridi si hasara tupu. Yanapotumika, yale ya kiangazi yanapumzika, hivyo sehemu ya fedha hurudi kwa njia ya matairi yanayodumu zaidi.

Uamuzi uko wapi?

Kwa mwuguzi wa zamu za usiku, teksi zimeshaondoka mezani. Zimebaki njia mbili: kuendesha gari la spoti kwa pauni 1,411, au kulilaza na kuendesha kuukuu kwa pauni 1,691. Tofauti ni pauni 280. Hiyo ndiyo namba ya kuitazama. Swali sasa si "nalipenda gari langu kiasi gani?" bali "je, msimu mmoja wa chumvi utaliondolea gari hili zaidi ya pauni 280, licha ya dawa na kuosha?"

Kama gari ni jipya kiasi, chini ni safi, na mwenyewe huosha kweli kila wiki, huenda jibu ni hapana, na aendeshe. Kama kutu imeshaanza, jibu ni tofauti. Matoleo ya zamani ya MX-5 yanajulikana kwa kuoza kwenye vizingiti vya mlango na matao ya magurudumu ya nyuma, na kazi ya kukata na kuchomelea bati huweza kuzidi pauni 280 mara kadhaa. Hapo kuukuu ndilo la bei nafuu, ingawa jumla yake ni kubwa.

Kuna jambo ambalo halina mstari katika daftari. Saa 12 asubuhi ya Januari, mtu aliyekesha wodini, katika gari jepesi linalosukumwa nyuma, barabara ikiwa barafu: hiyo ni hatari isiyolipiwa na senti 10 kwa maili. Akichagua kuendesha, matairi ya baridi si mstari wa kukatwa ili hesabu ipendeze. Asiyeweza kuyanunua amekwishajibiwa: alifungie.

Ama kuuza gari mwezi Novemba ili kukwepa tatizo, hilo ni sawa na kuuza mwavuli wakati wa kiangazi. Wanunuzi wa gari la wazi huongezeka jua linapotoka.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam na Mombasa

Chumvi ya barabara za kaskazini husafiri kwa meli. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandarini hutoka Japani, na baadhi yake yametembea Hokkaido na kaskazini mwa Honshu, ambako theluji ni nyingi na dawa za chumvi humwagwa barabarani. Kenya hukataa magari yaliyozidi miaka minane, lakini umri mdogo hauoni kutu. Rangi inaweza kung'aa juu huku chini mabomba ya breki yakiwa yameliwa.

Mnunuzi adai picha za chini ya gari kabla ya kutuma fedha. Akague mashina ya springi, ekzosi na mabomba ya breki, na ajihadhari na rangi nyeusi iliyopakwa chini juzi. Na mwenye gari Upanga au Nyali anayesafiri kwa miezi kadhaa naye yumo katika somo hili: hewa ya bahari ina chumvi bila halmashauri kuimwaga. Betri, matairi, petroli na panya havijali kama nje kuna theluji au minazi.

Anayeamua afungie, na afungie kwa kulitayarisha. Anayeamua aendeshe, na alipie matairi na kuosha. Hasara kubwa humpata wa tatu, yule anayeliacha uani bila kuamua, likaliwa na baridi pande zote mbili.