Vidonda vya Pembe za Kinywa Vinavyorudi

Pengine umeona ugonjwa huu katika nyumba yako. Ngozi ya pembe za kinywa inawasha, halafu inapasuka. Mtoto akifungua kinywa kula bugali, analia. Mama anapaka mafuta, na kidonda kinapona. Baada ya majuma mawili kinarudi. Anapaka tena, na kinarudi tena. Kwa nini? Kwa sababu amefunga mlango, lakini mwizi yumo ndani ya nyumba. Katika somo hili tutamtafuta mwizi huyo.

1. Kidonda kinatoka wapi?

Mara nyingi mate ndiyo mwanzo. Pembe za kinywa zikilowa kila wakati, ngozi inalainika na kupasuka. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mtoto anayenyonya kidole, kwa mtu anayelamba midomo wakati wa kiangazi, na kwa mzee asiye na meno, ambaye midomo yake imekunjamana. Mtu anayelamba kidonda apate kukilainisha anakiongeza, kwa maana mate yakikauka, ngozi inakauka zaidi kuliko mbele.

Halafu vijidudu vinaingia katika ufa. Kuna kuvu inayoitwa kandida. Kuna pia vijidudu vya usaha ambavyo hukaa puani kwa watu wengi.

Lakini kwa nini vinamshinda huyu na si ndugu yake? Pengine mwili wake umekuwa dhaifu, damu yake imepunguka, ao chakula chake kimekosa vitamini. Mwaka 1938 waganga wawili wa Marekani, Sebrell na Butler, waliandika habari za wanawake waliolishwa chakula chenye vitamini B2 kidogo sana. Pembe za vinywa vya wengine wao zilipasuka. Walipopewa vitamini hiyo walipona. Leo tunajua kwamba kukosa chuma, na vitamini nyingine za jamii ya B, kunaweza kuleta vidonda vilevile.

2. Namna ya kutunza kidonda

Osha polepole kwa maji safi, asubuhi na jioni. Kausha kwa kitambaa safi ambacho watu wengine hawakitumii. Paka Vaseline kidogo, mate yasiguse ngozi. Usibandue gamba. Usipake ndimu, majivu, wala unga wa vidonge. Kidonda kisipopona kwa juma moja, uliza hospitalini dawa ya kuua kuvu ao vijidudu. Mzee mwenye meno ya bandia ayatoe usiku na kuyasugua vizuri.

3. Chakula

Bugali wa mihogo hushibisha tumbo, lakini una vitamini B2 na chuma kidogo sana. Usiuache, lakini usiule peke yake. Ongeza maharagi, karanga, sombe ao lengalenga, na samaki wadogo wakavu. Ukipata yai, maziwa ao ini, mpe kwanza mtoto na mama mwenye mimba. Mapera ao machungwa pamoja na chakula husaidia mwili kupokea chuma cha mboga. Chai na kahawa huzuia chuma, basi zinywe saa nyingine. Tena, jua huharibu vitamini B2: weka maziwa kivulini, na mboga zikaushwe kivulini.

4. Wakati wa kwenda kwa mganga

Usingoje ukiona mambo haya:
– Kidonda kimepita majuma mawili, ao kinarudi mara kwa mara.
– Viganja vya mikono na ndani ya macho vimekuwa vyeupe, na mtu anachoka upesi. Apimwe damu, malaria na minyoo. Usinunue vidonge vya damu sokoni bila kupimwa, kwa maana upungufu wa damu una sababu nyingi.
– Mtu ana utando mweupe kinywani, ao anakonda. Apimwe ukimwi. Dawa za ukimwi zipo, na mtu anayezimeza kila siku anaweza kuishi miaka mingi.
– Mtu ana kiu na anakojoa sana. Apimwe sukari.
– Kidonda kiko upande mmoja tu, ni kigumu, na hakiponi. Huenda ni kansa. Mvuta tumbako asikawie hata kidogo.

Basi, usimcheke mtoto mwenye kinywa kilichopasuka, wala usiseme, “Ni kidonda kidogo tu.” Ni kidogo, lakini kinaweza kukuonyesha upungufu wa damu wakati ungali na nafasi ya kuutibu.

Maulizo
1. Kwa nini kulamba kidonda kunakiongeza?
2. Ni vyakula gani katika shamba lako na soko lako vinavyoweza kwenda pamoja na bugali?
3. Tazama viganja vya watoto wako leo. Je, yuko mmoja anayepaswa kupimwa damu juma hili?