SOMO: BIMA YA MATIBABU KAZINI

Huko Marekani watu wengi hupata bima ya matibabu kwa mwajiri wao. Desturi hiyo ilienea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 serikali ilizuia mishahara isipande, nao waajiri wakawavuta wafanyakazi kwa kuwalipia bima.

Faida yake ni kwamba wazima na wagonjwa huchangia mfuko mmoja, na mzigo huwa mwepesi. Kasoro yake ni hii: aachaye kazi kwa sababu ya maradhi aweza kupoteza bima wakati ule ule anapoihitaji.

Mwaka 1974 jimbo la Hawaii liliagiza mwajiri amkatie bima mfanyakazi wa saa 20 au zaidi kwa juma. Mwaka 2010 sheria ya nchi nzima iliwabana waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi, ikawasaidia pia wasio na mwajiri. Wasio na bima wakapungua, toka zaidi ya milioni 45 mwaka huo hadi chini ya milioni 30 mwaka 2016.

Swali la kujadili: Katika mtaa wetu, ni nani ambaye kazi yake ikikoma, dawa yake nayo hukoma?