JINA LA URIA

Somo: 2 Samweli 11:14-25 na 23:13-39

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa waliokufa vitani, nasi huwataja mbele za Mungu katika Ekaristi. Safari hii tusome sura ambayo wengi huiruka, maana huonekana kuwa majina matupu.

Kwanza tazameni habari ya maji. Daudi aliona kiu, akatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na huko Bethlehemu Wafilisti wameweka kambi. Watu watatu wakapenya katikati ya adui, wakayateka, wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, maana mle chomboni aliona damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Hakuwatungia sifa ndefu; alikataa tu kuyatumia kwa kiu yake mwenyewe.

Kisha someni orodha mpaka mwisho. Jina la mwisho ni Uria Mhiti. Huyu alikufa ili mfalme afiche dhambi yake, na habari ya kifo chake ilipofika, Daudi alijibu kwa wepesi kwamba upanga humla yeyote. Mwandishi angaliweza kumwacha, na pengine ikulu wangalifurahi. Lakini jina limo, na Mathayo analitaja tena katika ukoo wa Bwana wetu (Mathayo 1:6).

Sisi tuna akina Uria wengi. Katika Vita Kuu ya 1914-1918 ndorobo waliwaua wanyama wa mizigo, basi majeshi ya pande zote mbili yakabebesha watu chakula na risasi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, na zaidi ya risasi waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Kanisa letu lilikuwamo: mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza kikosi cha wapagazi, akitembea pamoja nao. Jina la Kariakoo, tunakokwenda kununua nyanya na viatu, limetokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wapagazi.

Pale Dar es Salaam ipo sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Wapagazi wanatajwa katika maandishi ya chini, bila jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, baada ya uchunguzi wake kuonyesha kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo tuwe waangalifu na Yohana 15:13, aya inayopendwa sana siku kama hizi. Bwana alisema habari ya mtu autoaye uhai wake mwenyewe. Wako waliofanya hivyo, na vijana wetu wa vita vya Kagera vya 1978-1979, waliolala Kaboya wilayani Muleba, twawashukuru kwa moyo wote. Lakini mpagazi aliyefungwa kamba na kupelekwa hakuutoa uhai wake, alinyang'anywa. Kumwita sadaka ni kumsafisha aliyemnyang'anya, kama vile Daudi alivyotaka kujisafisha kwa habari ya upanga. Huyo tumwombee pumziko, na pamoja na hayo tuungame.

Katika ibada ya tarehe 25 majina yatasomwa kabla ya sala za maombezi. Wenye babu au babu wa babu aliyekwenda na asirudi, awe askari au mpagazi, wa upande wa Waingereza au wa Wajerumani, na wenye ndugu aliyekufa Kagera, mpeni katekista jina lake kabla ya Jumapili. Kama nyumbani limebaki jina la utani tu, lileteni hilo hilo.