SOMO: MTOTO WA MASKINI NA MLANGO WA CHUO KIKUU



Yuko kijana anayefaulu kidato cha sita, akachaguliwa chuo kikuu, kisha akabaki nyumbani. Wazazi husema, "Fedha hakuna." Leo tujifunze kwa nini wengine huupata msaada na wengine huukosa.

1. Zamani ilikuwaje?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini. Baada ya Uhuru Serikali ilibeba gharama, maana taifa lilihitaji wasomi nao walikuwa wachache. Hata hivyo tusidhani mlango ulikuwa wazi kwa wote. Shule za sekondari zilikuwa chache mno, na watoto wengi waliachwa nyuma walipomaliza shule ya msingi.

2. Siku hizi je?

Katika miaka ya 1990 wazazi na wanafunzi walianza kuchangia gharama za elimu ya juu. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Ada katika sekondari za Serikali iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Basi, mchujo umesogea mbele. Mtoto wa maskini hufika hadi mlangoni pa chuo, na hapo ndipo hukwama.

3. Mkopo hutolewaje?

Bodi hutazama uhitaji wa mwombaji: yatima, mwenye ulemavu, au aliyetoka katika kaya inayosaidiwa na TASAF. Lakini uhitaji huthibitishwa kwa karatasi, na maskini ndiye mwenye karatasi chache. Mtoto wa karani ana cheti cha kuzaliwa tangu utotoni. Yatima ambaye baba yake alifia nyumbani akazikwa kijijini bila cheti cha kifo, majirani wote wanamjua kuwa yatima, fomu haimjui.

Tena mkopo ni deni. Akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na fedha hizo huwakopesha wadogo zake. Anayekwepa kulipa humfungia mwenzake mlango.

4. Tufanye nini?

(a) Tusingoje matokeo ya kidato cha sita. Mtoto akiwa kidato cha tatu, vyeti vitafutwe na majina yalingane katika karatasi zote. Herufi moja ikikosewa huleta usumbufu mkubwa.

(b) Cheti cha kuzaliwa na cha kifo vihakikiwe RITA mapema.

(c) Mdhamini atafutwe. Fomu hutaka pia sahihi ya kiongozi wa kijiji au mtaa, na ya hakimu au wakili. Mjane asiachwe azunguke ofisini peke yake. Mmoja wetu ajuaye kusoma na kuandika afuatane naye.

(d) Maombi hufanywa kwa intaneti. Mwenye simu nzuri amsaidie asiye nayo.

Haya hayamalizi upungufu wa fedha, kwa kuwa si kila mhitaji hupewa mkopo wa kutosha. Lakini asikose mtoto kwa sababu ya karatasi ambayo sisi wakubwa tungeweza kuitafuta.

Maswali ya kujadili

1. Ni watoto wangapi wa mtaa wetu walio kidato cha tatu hadi cha sita?
2. Ni nani kati yao hawana vyeti?
3. Nani atafuatana nao, na lini?