Unauza lanchi boksi? Funga kwanza chakula cha mtoto, ndio upige picha

Januari shule zinafunguliwa na kila mtu atarusha picha za lanchi boksi. Kabla hujachukua mzigo, soma hii.

Mwaka jana nilichukua pisi 40 Kariakoo kwa bei ya jumla. Zina katuni, zina rangi, picha zikatoka kali. Ndani ya wiki nikauza 26, nikajua nimetoboa. Wiki iliyofuata mama mmoja akanitumia picha ya begi la mwanae: daftari la Hisabati limelowa mchuzi wa maharage. Wakafuata wengine watano. Niliwarudishia wote sita hela zao, faida yote ikaishia hapo. Na kosa lilikuwa langu, maana niliuza kitu ambacho sikuwahi kukiwekea hata maji.

Siku hizi nanunua moja moja ya kujaribu. Najaza maji, nafunga, naigeuza kichwa chini juu ya gazeti kavu, inalala hivyo mpaka asubuhi. Gazeti likilowa, siichukui. Naangalia pia ule mpira wa kwenye mfuniko kama unatoka, kwa sababu usipotoka uchafu unajificha humo na boksi linanuka. Chini kuna pembetatu yenye namba. Namba 5 ni plastiki inayovumilia chakula cha moto. Namba 1 ni kama ya chupa za maji ya dukani, hiyo usimwambie mteja aweke wali wa moto.

Halafu nampa mdogo wangu wa darasa la kwanza afungue mwenyewe. Wengi tunaruka hapa. Mfuniko ukiwa mgumu mtoto anarudi na chakula kimechacha, kinamwagwa. Hiyo nayo ni taka, tena ya gharama.

Kwenye picha usiweke boksi tupu. Ya kwangu ya juzi ilikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, yai lililomenywa, ndizi mbivu na ganda lake, kitambaa safi badala ya tishu, na pembeni chupa yenye maji ya kuchemsha. Hakuna foili, hakuna nailoni, hakuna pakiti ya juisi. Mtoto akimaliza kula anabaki na ganda la ndizi tu.

Mama akiuliza "mbona bei kubwa?", usianze kumhubiria mazingira. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, hayo anayajua. Mpigie hesabu. Muulize kwa siku anatumia shilingi ngapi kwa vitu vya kutupa. Mteja wangu mmoja alisema maji ya chupa 500 na foili kama 200. Hiyo ni 700, kwa wiki ya shule 3,500. Seti yangu ya boksi na chupa ni 18,000, kwa hiyo wiki ya sita hela yake imesharudi. Akachukua mbili.

Kitu kingine kidogo: naandika jina la mtoto kwenye boksi kwa maka pen, bure. Maboksi yanapotea sana shuleni, na likipotea mama anarudi kwenye nailoni, harudi kwako.

Zile pisi 14 zilizobaki niliziuza kwa bei ya kununulia, nikaandika wazi: za andazi na karanga tu, mchuzi hapana. Ziliisha.