Lenzi Ipi kwa Ibada?

Katika misa moja ya upadrisho tulikuwa na lenzi fupi, tukasogea hadi karibu na altare. Askofu alipomwekea shemasi mikono, mama yake mzazi aliona migongo yetu tu. Sasa kikundi chetu cha picha kina fedha ya lenzi moja. Tuchague ipi?

Lenzi ya matumizi yote, mfano ya milimita 18 hadi 135, hupiga maandamano, kwaya na picha ya familia bila kubadilishwa. Ni nyepesi na nafuu. Lakini ikivutwa hadi mwisho, tundu lake kwa kawaida ni f/5.6, kanisani penye mwanga hafifu picha hutoka zimetikisika.

Lenzi ya mbali ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 huingiza mwanga mara 4 ya ule wa f/5.6. Ila ni ghali, huzidi kilo 1, wala haifai chumba kidogo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kuwa busara huchagua njia kwa kutazama lengo. Lengo letu ni watu wasali. Tumechagua ya mbali: tutasimama pembeni, kwenye nguzo. Picha ya familia itapigwa kwa simu. Nanyi parokiani, kabla ya kununua, ulizaneni kwanza: mpiga picha atasimama wapi?