Mandazi ya Biashara na Uzito wa Anayeyakaanga

Katika nyumba nyingi za Rumonge, chakula kinachomkwamisha mtu anayetaka kupunguza uzito hakitoki dukani kwenye pakiti. Hukaangwa uani. Unga hukandwa usiku, karai huinjikwa kabla ya alfajiri, na jua likichomoza mandazi na sambusa ziko njiani kwenda sokoni, mwaloni na kwenye kituo cha magari ya Bujumbura. Yasiyonunuliwa hurudi nyumbani, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Barua inayojibiwa wiki hii ni ya mama wa watoto wanne mwenye biashara hiyo. Kituo cha afya kimempima, kimemkuta na presha, na kimemwambia apunguze uzito. Mabaki ya mandazi ndiyo chakula cha jioni kwake, kwa kuwa kutupa riziki ni dhambi. Mumewe hurudi na fanta na biskuti za watoto. Mama mkwe, anayeishi nao, amekwisha kuuliza kama mkwewe ni mgonjwa au halishwi vizuri. Mama huyo anataka kujua mambo mawili: je, aache biashara? Na je, apige marufuku vyakula hivyo nyumbani?

Jibu ni hapana kwa yote mawili. Biashara inalipa ada na dawa, na marufuku ndani ya nyumba ya watu saba haidumu. Kinachowezekana, na kinachofaa, ni kutenganisha bidhaa na chakula cha nyumbani, vikawa vitu viwili visivyokutana mezani.

Kwanza hesabu. Andazi moja la gramu 50 hadi 60 lina karibu kalori 200, kutegemea sukari na mafuta yaliyolowa ndani yake. Chupa ya fanta ya mililita 300 ina kalori zipatazo 130, karibu zote za sukari. Mtu anayekula mandazi mawili ya mabaki na kushushia kwa fanta ameongeza zaidi ya kalori 500 juu ya mlo wake, na kwa mtu mzima wa kilo 70 kuzichoma kwa miguu ni safari ya karibu saa mbili. Ndiyo maana mama anayesimama kutwa, akibeba beseni kichwani, anaweza kuongezeka uzito na kushangaa umetoka wapi. Uvivu haumo katika hesabu hii.

Mabaki yanapungua kabla hayajatokea. Kinyunya kigawanywe mara mbili: sehemu ya kwanza ikaangwe alfajiri, ya pili ingoje mpaka ijulikane soko limeamkaje. Yaliyobaki mchana yauzwe jioni kwa bei ya chini kwa wavuvi wanaojiandaa kuingia ziwani, kwani wao wanakwenda kufanya kazi nzito ya usiku kucha na nguvu hizo watazitumia. Yakibaki bado, apewe jirani mwenye watoto wengi. Hapo riziki haijatupwa. Kipo pia kipimo ambacho wafanyabiashara wadogo wengi hawakiweki: kila andazi linaloliwa na mwenye nyumba lilipiwe, pesa iingie kwenye kopo la mauzo kama ya mteja mwingine. Baada ya mwezi, kopo litaonyesha ni kiasi gani cha faida kilikuwa kinaliwa kimyakimya.

Kuonja nako ni kula. Anayekaanga kwa saa mbili akiwa na njaa atakula vipande ambavyo hatavikumbuka. Dawa yake ni kula kabla ya kuwasha moto: maharagwe yaliyobaki jana na kipande cha muhogo wa kuchemsha yanatosha, kwa sababu maharagwe yana protini na nyuzinyuzi, na tumbo lililoshiba haliangalii karai kwa jicho lilelile.

Mafuta yanastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa kuwa Rumonge ni mji wa mawese. Michikichi imetanda kwenye tambarare kati ya ziwa na milima, mashine ndogo za kukamua zimejaa, na mafuta mekundu huingia nyumbani kwa bidoni. Penye wingi, mkono haupimi. Mawese mekundu yana sifa ya kweli: wekundu wake unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwa watoto hilo ni jambo kubwa. Lakini gramu moja ya mafuta, yawe ya mawese, alizeti au karanga, ina kalori 9, zaidi ya mara mbili ya gramu ya unga au sukari. Kijiko kikubwa kimoja ni karibu kalori 120. Tena karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayoganda, ambayo mwenye presha anashauriwa kuipunguza ili kulinda moyo. Sombe iliyoungwa kwa kumimina kutoka kwenye bidoni inaweza kuwa na kalori nyingi kuliko ugali wote wa muhogo ulio pembeni yake. Sombe yenyewe ni majani tu na haina kosa. Bidoni ikae stoo, na jikoni ibaki chupa ndogo na kijiko. Sufuria ya familia ipimwe kwa vijiko, na mpishi ajue idadi.

Kwenye karai vilevile kuna la kufanya, na wateja watafaidika. Mafuta ambayo hayajapata moto wa kutosha huingia ndani ya andazi na kulifanya zito. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, yanayotoa povu na moshi, yamechoka na yamwagwe, hata kama roho inauma. Mandazi yakitoka yawekwe kwenye chujio, yasirundikwe moto moto ndani ya beseni ambamo hukaa yakinywa mafuta ya wenzake.

Ufukwe huu una bahati ambayo miji mingi haina: chakula kizuri cha mtu anayepunguza uzito kinavuliwa mlangoni. Ndagala na mukeke wana protini nyingi, na ndagala, kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, huleta kalisi pia. Tatizo ni upishi. Ndagala wabichi waliochemshwa na nyanya, vitunguu na ndimu ni mlo mwepesi. Ndagala haohao wakizamishwa kwenye mafuta mpaka wawe wakavu wanageuka kitafunio kisicho na mwisho. Lengalenga, bilinganya na maharagwe vijaze nusu ya sahani au zaidi, na ugali upungue.

Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi mpevu ukiangaza wavuvi hupumzika kwa sababu samaki hawafuati taa. Siku hizo bei hupanda, na nyumba nyingi huegemea unga na mafuta. Basi mwenye nia ya kupungua anunue ndagala wa kukausha katika usiku wa giza, wakati soko limejaa, aweke akiba. Achague waliokaushwa juu ya vichanja vya waya, ambavyo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuvieneza katika pwani hii ya Burundi, kwa kuwa waliokaushwa chini huja na mchanga. Wakiwa na chumvi, waoshwe na kulowekwa: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mwenye presha ana sababu zaidi ya kulizingatia hilo.

Kuhusu watoto, uangalifu mkubwa unahitajika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nyumba moja, basi, mama anaweza kuhitaji kupunguza na mtoto kuhitaji kuongezewa. Kanuni ya mafuta ya mama isihamishiwe kwenye uji wa mtoto mdogo. Yeye aongezewe mawese, samaki wa kusaga na karanga. Kinachofaa kuondoka kwa wote ni fanta ya kila siku, kwa kuwa chupa moja ina karibu gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linaona ingekuwa bora mtu mzima asizidishe gramu 25 kwa siku nzima. Fanta irudi mahali pake pa zamani: Idi, Noeli, harusi. Baba aendelee kurudi na zawadi, kwani furaha ya watoto ni yake pia, ila iwe ndizi mbivu, embe au papai. Biskuti zikiletwa, zigawiwe na ziishe siku hiyo. Kuzifungia kabatini mbele ya macho yao ni kosa: Jennifer Fisher na Leann Birch, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wadogo hukitamani zaidi chakula wanachokiona wakakatazwa.

Katika nyumba za Waislamu, ambao Rumonge ni wengi, mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake. Futari ianze kwa tende, maji na uji, kisha sambusa ije baada ya chakula, moja, si kabla yake sahani nzima.

Mama mkwe asichukuliwe kuwa adui. Amekulia katika miaka ambayo kukonda kulikuwa dalili ya njaa au ugonjwa, na wasiwasi wake ni upendo. Maneno ya mkwe yatasikika kama ubishi. Ya mwanawe yana uzito mwingine. Ni wajibu wa mume kumweleza mama yake kuhusu presha, na ikiwezekana amsindikize siku ya kipimo, muuguzi aeleze mwenyewe.

Lengo lisiwe kubwa la kuvunja moyo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, uliwawekea watu waliokuwa karibu kuugua lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Waliougua walipungua kwa asilimia 58 kuliko kundi la kulinganisha. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi, na hata presha hushuka uzito ukipungua kiasi hicho. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Mjamzito asijaribu kupungua, na anayenyonyesha azungumze kwanza na mhudumu wa afya. Anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu mzani umeshuka. Wa kupunguza dozi ni daktari peke yake, na anayetumia dawa za kisukari amwone kabla ya kupunguza chakula, kwani sukari inaweza kushuka ghafla.

Karai, basi, liendelee kuinjikwa. Mwandishi wa barua aanze na mambo matatu wiki hii: kopo la mauzo, kijiko cha mafuta na sahani ya maharagwe kabla ya moto, kisha arudi kituo cha afya kupimwa presha baada ya mwezi mmoja.